Grisi ya Fuso kwenye Gari la Mkonge

Kwanza mwondoe mtoto. Mpe shilingi 500 akanunue ubuyu, umwambie gari lake litakuwa tayari jioni. Yeye ndiye aliyekata mlingoti wa mkonge, akauchonga kwa kisu cha jikoni, akatoa magurudumu manne kwenye ndala zilizokwisha kazi na kuyatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Anastahili pongezi na ubuyu. Lakini mashindano ni Jumamosi, mtoto wa jirani ana baba anayefanya kazi gereji, na heshima ya ukoo haiwezi kuachwa mikononi mwa mtu wa darasa la nne.

Kwa msomaji ambaye Mazinde huiona dirishani tu, basi la Arusha likiwa limeshapita Mombo na abiria wameshashiba: upande wa kulia ni Milima ya Usambara, imesimama wima, upande wa kushoto ni bonde, joto na mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kwa hiyo 62 yakapatikana mashamba, reli ikapata mzigo, na miaka ya 1960 nchi ikasifika duniani kwa singa. Hakuna aliyemwambia daktari huyo kwamba alichokuwa anaagiza ni chesisi. Mkonge huchanua mara moja tu maishani: hutoa mlingoti wa mita tano au sita, huangusha vichipukizi vyake, kisha hufa. Mlingoti ukikauka, mtoto anaweza kuubeba begani huku anakimbia, na kisu butu kinatosha kuuchonga. Mtu mzima akiuona huwaza boriti ya banda la mbuzi. Mtoto huona basi la abiria sitini na tano.

Magari haya yako ya aina mbili. La kwanza lina fimbo ndefu yenye usukani wa waya; mtoto hulisukuma akikimbia nyuma yake na kubadilisha gia kwa mdomo. Hilo halihitaji mwongozo, kwa sababu injini ni mtoto mwenyewe, na injini hiyo hula ugali. La pili ni la kuachia. Linapangwa juu ya mteremko pamoja na mengine, mtu anahesabu moja mpaka tatu, yanaachiwa, na kuanzia hapo ni marufuku kulisaidia hata kwa kulipuliza. Mtaji wa gari la kuachia ni mmoja, urefu wa mteremko, na mtaji huo wamegawiwa wote sawa. Tofauti ni kiasi gani kinaliwa njiani. Mlaji mkubwa amekaa pale gurudumu linapokutana na ekseli, na kwa desturi zetu mlaji mkubwa ndiye wa mwisho kuchunguzwa.

Wamarekani wanadhani mchezo huu ni wao. Mwaka 1953, huko Manhattan Beach, California, kiongozi wa maskauti wadogo aitwaye Don Murphy alibuni mbio za vigari vya msonobari kwa sababu mwanawe alikuwa bado mdogo mno kuingia mbio za magari makubwa ya kuteremka, yale ambayo mtoto hupanda mwenyewe. Mshiriki hupewa kipande cha mti, magurudumu manne ya plastiki na misumari minne ya kuwa ekseli. Gari likikamilika halitakiwi kuzidi aunsi tano, yaani gramu 142 hivi. Tangu hapo akina baba wa Marekani wamekuwa wakijifungia kwenye mabanda yao usiku, wakisugua misumari, huku watoto wao wakitazama televisheni. Nalitaja hili ili usijione peke yako.

Sasa tupake mafuta. Najua hatua hii inapaswa kuwa ya mwisho, lakini najua pia kwamba kopo umeshalishika.

Mtu mzima akisikia gurudumu linakwaruza hawazi tupa, huwaza mafuta. Mafuta yana sifa tatu ambazo tupa haina: yanaonekana, yananukia, na hayachoshi mkono. Nenda basi gereji ya barabarani, na mazungumzo yatakuwa haya:

"Fundi, nisaidie grisi kidogo."

"Ya gari gani, mzee?"

"La kijana wangu."

"Kijana ameshanunua gari? Hongera sana!"

"La mkonge."

Fundi atanyamaza kidogo, kwa heshima. "Mzee wangu, hii ni ya habu ya fuso. Hii inabeba tani saba."

"Ndiyo hiyohiyo. Nataka liende kasi."

Utapewa, tena bure, na mafundi watakuwa na cha kuzungumza mpaka magharibi. Grisi ni oili iliyoshikanishwa na sabuni maalumu ili isichuruzike chini ya mzigo mkubwa na joto kali. Chini ya fuso, uzito unaikamua mpaka inakuwa utando mwembamba kati ya chuma na chuma. Gari la mkonge halifiki nusu kilo. Halina nguvu ya kuikamua grisi hiyo, kwa hiyo badala ya gurudumu kuelea juu yake linazama ndani yake. Lipake, kisha lizungushe kwa kidole. Haliendi. Linatafakari.

Ukishindwa na grisi utakimbilia oili chafu, kwa kuwa haiuzwi na kwa kuwa weusi wake una heshima ya kifundi. Weusi huo ni masizi, na ndani yake mna chembe za chuma zilizosagika kwenye injini ya mtu mwingine. Ongeza vumbi la Mazinde la mwezi Agosti, na utakuwa umepata bila gharama ile dawa ambayo mafundi hununua kwa ajili ya kusaga valvu. Kwa jinsi hiyo ekseli yako italainika kweli, ikiwa mashindano yatachukua miezi mitatu. Tena, kama ndala zako ni za mpira wa asili, oili itazinywa na magurudumu yatavimba. Kuna watakaosema gari limepandishwa tairi kubwa. Washukuru.

Mafuta ya alizeti yanateleza vizuri siku ya kwanza. Siku ya nne yanaanza kugeuka ule utomvu unaonata ukingoni mwa kikaango, na mama wa nyumba anaweza kukueleza kwa nini, kama utathubutu kumwambia mafuta yake yameishia wapi. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini yana ugonjwa wa grisi, ila yananukia zaidi.

Mafuta ya nazi yanahitaji maelezo ya kijiografia. Mazinde ziko mbili. Ya kwanza ni hii ya bondeni, wilaya ya Korogwe, ambako nazi iliyotoka Tanga au Pangani hubaki maji karibu mwaka mzima. Ya pili ni Mazinde Juu, wilaya ya Lushoto, kule mlimani ambako wasichana wa sekondari huvaa sweta asubuhi na hakuna anayewashangaa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Gari lililopakwa nazi bondeni likapandishwa Mazinde Juu alfajiri ya mwezi Julai litafika likiwa na breki nne za mkono, zote zimefungwa. Kinyume chake, wajomba wa Mazinde Juu wanaotaka kuja kutushinda huku chini wanakaribishwa sana na chupa zao. Kwenye joto letu nazi itawatiririka mpaka kwenye matairi.

Kati ya yote yanayomiminika, la kuheshimiwa ni mafuta ya nyonyo. Mbarika huota wenyewe kando ya njia na jalalani, hakuna anayeupalilia, na mafuta yake hushika chuma kwa ukaidi hata kwenye joto kali. Injini nyingi za ndege za Vita Kuu ya Kwanza zililainishwa kwa mafuta hayo, na oili ya Castrol ilipata jina lake mwaka 1909 kutokana na nyonyo iliyokuwa imechanganywa humo. Ukiambiwa na kijana wa bodaboda kwamba babu zetu hawakujua vilainishi, mwonyeshe mmea uliojiotea nyuma ya choo chake. Hata hivyo kwenye gari letu nyonyo nayo ni nzito, na kama ndugu zake wote wa majimaji inaalika vumbi.

Kinachofaa ni kikavu, na mtoto anacho kwenye begi la shule: penseli. Kile cheusi cha ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Grafiti ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo huteleza zenyewe kwa zenyewe zikisukumwa kidogo. Ndiyo maana penseli huacha alama karatasini, na ndiyo maana ekseli huipenda. Tafuta penseli yenye herufi B, na ikiwa na namba kubwa kabla ya B ni bora zaidi, kwa kuwa ina udongo kidogo. Zenye H zina udongo mwingi, na udongo tunao wa kutosha. Kwangua kwa wembe juu ya karatasi safi, saga kwa kuviringisha chupa ya soda juu yake, chekecha kwa kipande cha kitambaa chepesi. Unga utakaopata ni mdogo kuliko ugoro wa babu wa siku moja, nao unatosha magari matatu.

Kuna mtu atakuja wakati huu akiwa na betri ya tochi na nyundo, akidai kwamba unga mweusi wa betri ni grafiti ya bure. Mshukuru na umrudishe alikotoka. Unga huo kwa sehemu kubwa ni manganizi iliyochanganywa na kaboni na chumvi za kula chuma. Atapata mikono ya fundi na ekseli ya kutu. Kijiti cha kaboni kilicho katikati ya betri kinakwanguka na kinateleza kiasi chake, lakini mpaka ukifikie umeshachafua fulana, meza na jina lako. Asiye na penseli kabisa atumie poda ya mtoto mchanga, ile ya jiwe laini lililosagwa; gari litanukia wodi ya wazazi, lakini litakwenda.

Na hapa ndipo mwongozo huu unapoanza kuudhi. Paka grafiti yote hiyo kwenye ekseli ambayo haijasuguliwa, na utapata ekseli mbovu yenye rangi nzuri.

Ekseli yetu inatoka kwenye baiskeli. Nenda kwa fundi baiskeli uombe spoku zilizovunjika. Anazo nyingi, amezichomeka kwenye paa la makuti, na bei yake ni salamu ndefu. Usishawishike na msumari wa inchi nne kwa sababu unaonekana wa kiume. Kile kinacholizuia gurudumu hukua na unene wa ekseli na hupungua kipenyo cha gurudumu kikikua. Gurudumu la ndala lenye kipenyo cha milimita 60 likizunguka kwenye spoku ya milimita 2, ekseli ni moja ya thelathini ya gurudumu. Kwenye msumari wa milimita 4 ni moja ya kumi na tano. Umeongeza kizuizi mara mbili kwa sababu ya kutaka kuonekana imara. Madereva wa fuso wana sababu ya kuwa na ekseli nene. Wewe una gari ambalo kuku akikohoa linahama.

Spoku ikatwe kwa koleo, na koleo likishakata huacha ukingo mkali ambao jicho haliuoni lakini ukucha hukwama hapo. Ukingo huo ukiingia kwenye tundu la gurudumu unakuwa kisu. Uondoe kwa tupa ndogo, ukizungusha spoku taratibu na si kuisugua upande mmoja mpaka ikawa bapa. Kisha iviringishe juu ya kioo. Ukiona mwanga chini yake unakuja na kuondoka, spoku imepinda. Inyooshe kwa kuilaza kwenye bapa la chuma na kuibembeleza kwa nyundo. Nimesema kuibembeleza. Watu wazima wana nyundo moja tu kichwani, ile ya kuvunjia kokoto.

Halafu msasa. Duka la vifaa vya ujenzi litakupa namba 60, 80 au 120, ambazo ni za mlango wa mninga. Ukitumia hiyo na kuishia hapo, umechora mifereji mipya juu ya ile ya zamani. Unaotakiwa ni msasa wa maji, ule ambao wapaka rangi wa magari huutumia kulainisha bodi kabla ya kupuliza: anza 400, nenda 600, kisha 1,000, na ukipata 2,000 ukae kimya maana majirani watauomba. Kata utepe mwembamba, uloweshe, uzungushe kwenye spoku mara moja, mtu mmoja apekeche spoku viganjani kama mababu walivyopekecha moto, na wewe vuta utepe huku na huku. Kila namba ifute mistari ya namba iliyotangulia ndipo uhamie nyingine. Mwisho paka dawa ya meno nyeupe kwenye kitambaa cha pamba na urudie. Dawa ya meno mara nyingi huwa na chokaa laini ndani yake. Ndiyo inayong'arisha meno yako, na spoku haina tofauti na jino ila kwamba haiumi. Osha kwa sabuni, kausha, na usiiguse tena kwa vidole, kwa kuwa umetoka kula chapati.

Kazi hii ni ya jioni nzima. Haina kelele, haina harufu, na mtu akipita nje hawezi kujua kwamba unafanya chochote. Ndiyo sababu wengi huipitia juujuu. Gari likiwa limepakwa rangi ya basi la kwenda Arusha, na jina ubavuni, na sala ya kuomba ulinzi nyuma, watu hukusanyika na kukupa pole ya kazi. Ekseli iliyosuguliwa kwa msasa wa 2,000 hakuna atakayekupa pole kwayo, na mkeo atauliza kwa nini umekaa gizani na njiti ya baiskeli.

Reli ilijua jambo hili mapema. Misafara ya karne ya 19, iliyopita hapa enzi za Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, haikuwa na ekseli hata moja. Semboja aliwaachia wengine kiti cha enzi cha Vuga kule juu, yeye akakaa Mazinde bondeni ili biashara impitie mlangoni, na biashara hiyo ilikwenda kwa miguu ya wapagazi. Ekseli zilikuja na Wajerumani, reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 na kuendelea kuelekea Moshi. Mabehewa ya zama hizo yalikuwa na kisanduku kila mwisho wa ekseli, kimejazwa nyuzi za pamba zilizoloweshwa oili. Kikikauka, au uchafu ukiingia, kilipata moto kweli, na behewa liliweza kuungua. Kwa hiyo treni ikisimama, kulikuwa na mtu aliyelipwa mshahara kupita chini na kugusa visanduku kimoja kimoja kwa mkono. Hakuangalia rangi ya behewa. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka ishirini, na ekseli za sasa zina beringi zilizozibwa, hivyo yule mtu wa kugusa kwa mkono amepungukiwa na kazi. Ukimkuta kijiweni, mchukue awe mshauri wako.

Tundu la gurudumu nalo lisafishwe. Ndala ikitobolewa kwa msumari wa moto huacha ndani gamba lililoungua, linalokwangua na kudondosha unga. Dawa yake ni bushi: kipande kifupi cha mrija wa peni, kinachopitisha spoku bila kuing'ang'ania na bila kuiacha iyumbe. Kigundishe kwenye ndala kwa gundi, usiipitishe gundi ndani, na ukiipitisha usimsingizie mtoto. Weka grafiti ndani ya mrija, chomeka spoku, zungusha gurudumu kwa kidole, ongeza, zungusha tena. Baada ya kurudia mara nyingi utaona linachukua muda mrefu zaidi kusimama. Hapo ndipo limezoea. Kati ya gurudumu na bodi acha nafasi ya unene wa kadi ya benki. Likibanwa linasuguana na bodi. Likiachwa huru mno linatembea kama mtu aliyetoka kilabuni.

Mambo mengine nayapitia haraka. Ekseli mbili ziwe sambamba. Achia gari kwenye sakafu ya sementi, likielekea kushoto rekebisha, usiweke jiwe. Uzito ongeza, maana mlingoti wa mkonge ni mwepesi mno na upepo wa bondeni unauonea. Watu huogopa kwamba uzito utaongeza msuguano, nao wanasema kweli: Mfaransa Guillaume Amontons aliliandika hilo mwaka 1699. Lakini uzito unaongeza mvuto wa kuteremka kwa kipimo kilekile, kwa hiyo deni hilo linajilipa lenyewe na upepo peke yake ndio unaopata hasara. Funga mawe madogo nyuma, karibu na ekseli ya nyuma. Na kuna ujanja wa Wamarekani wa kuinua gurudumu moja la mbele kidogo lisiguse chini, ili magurudumu yanayolalamika yawe matatu badala ya manne. Kwetu ujanja huo tunaupakia abiria kila siku. Unaitwa bajaji.

Kuhusu udanganyifu, mwongozo huu una maadili na utatoa onyo moja tu. Mwaka 1973, huko Akron, Ohio, kwenye mashindano ya kitaifa ya yale magari makubwa ya kuteremka, mvulana wa miaka 14 alishinda kwa gari lililochomoka mstarini kwa namna iliyowashangaza watu. Lilipochunguzwa lilikutwa na sumaku ya umeme puani, iliyovutwa na bamba la chuma la pale pa kuanzia kila bamba lilipoangushwa. Siku mbili baadaye akanyang'anywa ushindi. Aliyekuwa nyuma ya ubunifu huo alikuwa mlezi wake, mtu mzima wa ukoo, mtengenezaji wa viatu vya kuteleza kwenye theluji. Unaona jinsi watu wanavyohangaika kuepuka msasa.

Siku yenyewe fika mapema na umbebe mtoto pia, kwa ajili ya picha. Gari lifunge kwenye mfuko wa plastiki mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu mgeni rasmi ameambiwa saa nne na atafika saa saba, na katika saa hizo tatu vumbi halina mgeni rasmi. Risala itasomwa. Usilifungue. Mgeni rasmi ataomba kuona moja ya magari na kulizungusha gurudumu kwa kidole chenye mafuta ya kuku. Mpelekee la jirani. Baada ya hotuba fungua mfuko, ongeza grafiti kidogo sana kila gurudumu, zungusha, na umkabidhi mtoto aliachie mwenyewe. Hapa sina kejeli. Mikono ya watu wazima hutetemeka na hulisukuma gari upande. Mtoto hufungua kiganja tu.

Ukishindwa, sababu zinazokubalika Mazinde ni hizi: mteremko ulikuwa na jiwe upande wako, aliyehesabu alisema tatu kabla ya mbili, na jirani ana mtu. Sababu ya kwamba ekseli haikusuguliwa haijawahi kutolewa na mzazi yeyote, na usiwe wewe wa kuianzisha.

Ukishinda, watakuja. Baba wa yule mtoto wa gereji atakuja wa kwanza, atakupa mkono kwa mikono miwili, atakuita kaka, kisha ataomba kuliona gari kwa karibu. Mwonyeshe rangi. Mwonyeshe lile jina la ubavuni. Akiinamia magurudumu na kuuliza umetumia kitu gani, toa mfukoni lile kopo la grisi ya fuso ulilopewa gereji, ambalo kwa makusudi hukulitupa, mshike bega, shusha sauti, na umwambie siri ni wingi: vijiko viwili kila gurudumu, tena vilivyojaa.